Chuo cha Maisha ya Nyumbani na Mbuzi wa Mkwe

Ninyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri kwanza. Wasichana hasa, ninyi mnaotoka hapa na masanduku ya bati kwenda chuoni, kisha mkirudi likizo mnaniambia, "Nyanya, sisi tunasomea maisha ya familia." Mnasomea. Nikiwauliza anayewasomesha ana familia gani, mnatazamana, mnacheka, mnaona nyanya yenu ni mtu wa kale asiyejua kitu. Basi jueni kwamba mimi nilisomea hayo kabla mama zenu hawajazaliwa, tena nilisomeshwa na Mzungu, tena nilishindwa. Sina cheti. Nina watoto, nina wajukuu, nina nyumba ambayo jiko lake halijapata kulala baridi. Cheti sina.

Ilikuwa miaka ile kabla serikali haijaanza kutafuta vijana wetu wakabebe mizigo ya vita. Kwetu ni upande wa Kakuyuni. Baba yangu alikufa nikiwa mdogo, tukabaki mimi na mama, na juu yetu akakaa baba mdogo. Nasema akakaa kwa sababu hiyo ndiyo kazi aliyoijua. Asubuhi tembo la mnazi, jioni tembo la mnazi, na katikati usingizi. Shamba lilikuwa jasho la mama: mahindi, mtama, kunde, na mihogo pembeni. Lakini neno la nani anioe lilikuwa lake yeye, kwa kuwa yeye ndiye mwanamume.

Akaja kuniposa kijana aliyekuwa amejifunza useremala misheni. Misheni yenyewe siitaji. Wenye nayo walikwisha kufa na wajukuu wao hawajanikosea. Kijana alikuwa amebatizwa, baba yake hakuwa. Baba yake alikuwa mfugaji wa mbuzi, mtu wa maneno machache. Mimi nilimtaka yule kijana. Siandiki hapa kwa nini nilimtaka, haiwahusu.

Baba mdogo naye alikuwa na mtu wake, mzee wa minazi mwenye wake wawili, ambaye kibuyu cha baba mdogo kilikuwa hakikauki kwa ajili yake. Mzee huyo alikuwa na tabia ya kuja kwetu na kutazama mikono yangu, kama mtu anunuaye jembe. Lakini baba mdogo aliogopa misheni, maana misheni ilikuwa ikisikilizwa na bwana wa wilaya. Akatafuta njia ya mwoga. Akaita wazee, akasema mbele yao: padri wa misheni amesema hatangazi ndoa ya msichana yeyote kanisani mpaka awe amepita chuo cha maisha ya nyumbani. Haya, binti yetu aende. Akipewa cheti, aolewe na seremala. Akikosa, arudi nyumbani, na atakapokwenda nitasema mimi.

Wazee wakaona ni maneno ya haki. Mimi nilijua ana hakika kwamba nitakosa. Sima yangu ilikuwa ikiungua mara kwa mara na mdomo wangu ulikuwa haufungiki. Kwa hiyo mjue tangu sasa: cheti kilikuwa mume, na kukosa cheti kulikuwa yule mzee wa minazi.

Wenyewe walikiita chuo. Kilikuwa nyumba moja ya mawe yenye paa la bati, na ndani yake wamepanga kila kitu cha nyumba ya Mzungu: kitanda, meza, viti, kabati la vikombe. Sisi tulilala kwenye banda la nyuma, mikekani. Kitanda kilikuwa cha kutandika tu. Kila asubuhi tulikitandika, tukakitandua, tukakitandika tena, na hakuna mtu aliyepata kulala juu yake. Panya ndiye aliyekifaidi.

Bibi wa chuo alikuwa mwanamke wa Kizungu, mrefu, mkavu, hajaolewa, hajazaa, hajalea hata mtoto wa dada yake. Sisemi kutoolewa ni aibu. Wako walioolewa ambao ni afadhali wasingeolewa. Lakini mtu akija kuwafundisha useremala na hajapata kushika randa, mtamwita nani? Sisi tulimwita Bibi, tukasimama akiingia.

Kiswahili chake kilikuwa cha kuagizia maji na kuni. Kwa mafundisho alikuwa na mkalimani, na hapa kalamu yangu inataka kutoboa karatasi. Bibi alikuwa mgeni, hakujua, na hakujua kwamba hajui. Lakini mkalimani alikuwa mtu wa kwetu. Amezaliwa kwetu, amelishwa sima kwetu, mama yake ananyoa watoto wa jirani. Alipewa koti, basi. Tangu alipovaa koti lile alikuwa akisahau mambo. Ukimsalimu kwa lugha ya nyumbani anajibu kwa Kiswahili cha kitabuni, na huku jasho linamtoka kwa ajili ya lile koti.

Tulifundishwa kuogesha mtoto. Mtoto alikuwa mwanasesere wa kitambaa, mweupe, macho yake vifungo, tumbo limejazwa usufi. Bibi alituagiza tupime maji kwa kiwiko kabla ya kumtia mtoto. Sasa, usufi ukilowa huoza, kwa hiyo beseni lilikuwa tupu. Tulisimama mstari, kila mmoja akatia kiwiko katika beseni lisilo na maji, akasema, "Yafaa, Bibi." Ndiyo elimu yenyewe. Mimi nilisema yafaa kama wenzangu, maana nilitaka cheti.

Palikuwa na msichana mmoja mrefu aliyetoka Rabai, ambaye mama yake alikufa akamwachia wadogo zake akawalea mgongoni. Huyo aliambiwa hajui kumshika mwanasesere. Bibi alimgeuza mikono, akamgeuza tena. Msichana akauliza kwa upole mtoto anyonye saa ngapi. Akaambiwa, kwa kengele. Kengele ikilia mtoto anyonye, na isipolia asinyonye, ndipo atakuwa na tabia njema. Yule wa Rabai akamtazama mwanasesere machoni, akasema, "Basi wewe ndiwe utakayefaa hapa. Wangu wangemla Bibi pamoja na kengele." Tulicheka mpaka tukakaa chini. Bibi akauliza amesemaje. Mkalimani akasema amefurahi kujifunza.

Na wanga. Tulichukua mihogo mizuri, chakula cha watu, tukaikuna, tukaikamua, tukatia majimaji yake kwenye shuka za kitanda kile cha panya, kisha tukazipiga pasi ya mkaa mpaka zikakauka kama ngozi ya ng'ombe. Huko nyumbani mwaka ule mvua ilikuwa mbaya na mama alikuwa akihesabu mihogo kama dawa. Mimi nilikuwa nikiivisha kitanda.

Kisha tukafundishwa mume. Mume alikuwa yule yule wa Rabai kwa sababu ya urefu, akavikwa suruali ya mkalimani na kofia. Anatoka nje, anabisha mlango, mke anampokea kofia na kusema, "Karibu mume wangu mpenzi, kazi ilikuwaje leo?" Zamu yangu ilipofika nilisema maneno yale kama nilivyofundishwa. Mume wangu akaniangalia kutoka juu, akatoa sauti nzito ya mwanamume aliyetoka shambani, akasema, "Sima i wapi?" Bibi akauliza tena tunacheka nini. Mkalimani akasema mume anasifu nyumba.

Hivyo ndivyo siku zilivyokwenda. Kusoma na kuandika nilijifunza hapo, hilo siwanyimi, na ndilo linaloniwezesha leo kuwasema. Mengine yote yalikuwa mchezo wa watoto unaochezwa na watu wazima, na mimi nilikuwa nikiucheza vizuri. Sikuunguza mkate. Shuka zangu zilisimama. Bibi akaanza kunipigapiga begani na kusema, "Mzuri, mzuri." Habari zikafika nyumbani kwamba nitapewa cheti, na mama akaniambia alipokuja kunitazama kwamba baba mdogo hali vizuri siku hizi.

Mwisho wa masomo ilikuwa siku ya wageni. Kila msichana aliyeposwa atawakaribisha watu wake katika ile nyumba, awapikie, awakalishe mezani, wale pamoja, na Bibi atazame. Bibi akatangaza nani watakuwa wageni wangu: mama yangu, baba yangu mdogo, mchumba wangu, na baba wa mchumba wangu. Meza moja. Familia moja, alisema, huketi meza moja.

Ninyi wa siku hizi huenda hamshtuki. Mnakula na wakwe zenu hotelini, mnacheka meno yote nje. Kwetu wakati ule, kijana akishapeleka posa, yeye na mama wa msichana walikuwa hawatazamani ovyo. Akimwona njiani anaacha njia, anaingia majanini mpaka mama apite. Na kula ndiyo kabisa. Mama mkwe asimwone mkwewe akitafuna, wala mkwe asimwone yeye. Si chuki. Ni heshima, na heshima hiyo ilikuwa ikishikwa hata na watu wasioshika kitu kingine. Ikivunjwa, upande wa kijana hutoa mbuzi.

Nilimwendea mkalimani. Nikamwambia, "Mwambie Bibi mama yangu hawezi kukaa meza moja na mkwewe. Hawaonani wakila. Mweleze wewe, wewe unajua."

Akaenda kwa Bibi, wakasemezana, Bibi akatabasamu. Akarudi. "Bibi anasema mama yako asione haya. Upendo utamtoa haya."

"Wewe umemwambia nini?"

"Nimemwambia mama yako ni mtu wa haya."

"Haya gani? Mama yako wewe hula na mume wa dada yako?"

Akashika kola ya koti lake, akaisawazisha. "Hayo ni mambo ya zamani," akasema.

"Basi kamwambie mama yako kwamba ni ya zamani. Kisha uje unionyeshe kichwa chako."

Akaondoka. Nikaenda kwa Bibi mwenyewe, nikajaribu kwa Kiswahili cha polepole, mama, mkwe, chakula, hapana. Bibi akanishika mikono yote miwili, akasema, "Hapana woga, hapana woga," akaniachia akaenda zake akiimba. Nikasimama pale. Nikimkalisha mama na kijana pamoja, nimemvunjia mama heshima mbele ya watu na nimempa baba mdogo neno la kusema. Nisipowakalisha, hakuna cheti. Huku mzee wa minazi, na huku mzee wa minazi.

Asubuhi ya siku yenyewe nilikuwa nikipiga pasi shuka la mwisho, na lilikuwa na wanga mwingi kuliko wote niliopata kutia. Nikalisimamisha sakafuni, likasimama lenyewe. Nikamwita wa Rabai. Tukafunga kamba kutoka msumari wa dirisha hadi msumari wa mlango, tukalining'iniza shuka katikati ya meza, likashuka mpaka juu ya ubao kama ukuta wa chokaa. Meza ikabaki moja. Pande zikawa mbili. Wa Rabai akazunguka huku na huku, akasema, "Huku sikuoni. Hata njaa yako siioni."

Wageni walipofika nilimpitisha mama mlango wa jikoni, wanaume mlango wa mbele. Mama aliliona shuka, akanitazama, akaelewa, akakaa. Upande wa pili akakaa mchumba wangu, na meza yenyewe, niwaambie, alikuwa ameiunda yeye kwa mikono yake, na mama yake mzazi hajapata kula juu ya meza hata siku moja. Pembeni yake akakaa baba yake. Baba mdogo akachagua kiti cha kichwani, kwenye ukingo wa shuka, ambapo angeweza kuona huku na huku. Alikuwa amenyoa. Alikuwa na uso wa mtu aliyekuja kutazama ng'ombe wa jirani akizama matopeni.

Nikapakua. Palikuwa na mchuzi wa kuku, na viazi, na ule mkate. Upande wa wanaume nilisikia uma zikigonga sahani kama watu wanaotafuta kitu walichoangusha. Upande wa mama alikula kwa mkono, polepole, bila sauti. Na niwaambie kweli, palikuwa na utulivu mzuri mle ndani kuliko siku zote nilizokaa katika nyumba ile. Mzee wa mbuzi akauliza kutoka ng'ambo, bila kumtaja mtu, kama mvua imefika upande wa Kakuyuni. Mama akajibu, akiliambia shuka, kwamba imefika kidogo. Hayo ndiyo mazungumzo ya wakwe. Hayakuhitaji chuo.

Ndipo Bibi akaingia.

Aliona nguo imeanikwa juu ya meza ya wageni. Hilo ndilo alilokuwa na macho ya kuliona. "Nguo? Hapa? Wageni!" akasema, na kabla sijafungua mdomo alilivuta. Kwa ajili ya wanga halikuteleza. Lilitoka lote kwa mara moja pamoja na kamba na msumari.

Mama alikuwa na paja la kuku kinywani. Mchumba wangu alikuwa na uma kinywani. Walitazamana hivyo, muda wa mtu kumeza mate, na hakuna aliyeweza kumeza. Kisha mama akavuta kaniki yake usoni na akashuka chini ya meza, bila kelele, kama mtu aliyekuwa na shughuli huko chini. Kijana alitoka kwa dirisha. Aliondoka na uma.

Bibi akabaki ameshika shuka.

Baba mdogo alicheka kwanza, akapiga meza. Kisha akakumbuka kukasirika. Akasimama, akanyoosha kidole dirishani. "Mbuzi!" akasema. "Nataka mbuzi. Dume, aliyenona."

Mzee wa mbuzi alikuwa bado ameketi. Akauliza kwa upole, "Kwa kosa lipi, ndugu yangu?"

"Unaniuliza kosa? Mwanao amemwona mama mkwe wake akila. Amemkodolea macho. Hata mtoto anajua adhabu yake."

"Mama mkwe wake," akasema mzee.

"Mama mkwe wake, ndiyo. Au wewe hukuona?"

"Nimeona. Nataka na wengine wasikie." Walikuwapo wazazi wa wasichana wengine barazani, wanangoja zamu zao, wamejaa mlangoni kwa ajili ya ile kelele. Baba mdogo akawageukia akasema tena kwa sauti kubwa zaidi, maana alipenda kusikilizwa na hakusikilizwa mara nyingi: kijana huyu amemkosea mama mkwe wake, na yeye kama baba wa msichana anadai mbuzi. Mzee akasema mbuzi atafika kesho. Mkalimani akamweleza Bibi kwamba wageni wanapeana zawadi.

Bibi hakufurahia zawadi. Alinitazama mimi, akatazama dirisha, akatazama miguu ya mama iliyotokeza chini ya meza. Akasema maneno marefu kwa lugha yake, na mkalimani akayatafsiri haya sawasawa, haya aliyaweza: mke ambaye wageni wake hukimbia chakula chake hajawa tayari kwa nyumba. Sitapata cheti.

Hapo mdomo wangu ule usiofungika ulifunguka. Nikasema, "Bibi, mama yako amekula na mkwewe mara ngapi?" Kisha nikamwambia mkalimani, "Tafsiri kama lilivyo. Usiongeze asali."

Hakutafsiri. Hakukuwa na haja. Mama na mkwe yalikuwa maneno niliyomfundisha mimi mwenyewe siku ile aliponiambia hapana woga, na la mara ngapi alilijua kwa kuhesabu mayai. Uso wake ukawa mwekundu mpaka shingoni. Ninyi mnaweza kuniona mkatili. Mimi niliona mtu aliyevuta pazia la watu bila kuuliza lilitundikwa kwa nini, na wa kuumia ni mama yangu aliye chini ya meza. Akasema, "Wewe hapana cheti. Hapana." Akalikunja shuka, kona kwa kona, kama tulivyofundishwa, akatoka.

Tulirudi nyumbani mama ametangulia. Mimi nililia njiani, na mama hakugeuka hata mara moja kuniambia ninyamaze. Nilidhani amenikasirikia. Baba mdogo alikuja nyuma akipiga mluzi. Alikuwa amepata yote mawili, msichana asiye na cheti na mbuzi wa bure.

Mbuzi alifika kesho yake kama ilivyosemwa, dume, aliyenona. Baba mdogo alimchinja mwenyewe, akala ini kabla mengine hayajaiva, akaita marafiki. Mguu mmoja akampelekea mzee wa minazi kwa heshima, na mzee wa minazi akaula na kurudisha salamu. Mama alipika nyama ile. Hakuonja. Alikuwa na uso ambao sikuuelewa, kama mwanamke anayengoja chungu kichemke.

Bado baba mdogo anachokonoa meno, wakaja yule mzee wa mbuzi na wazee wawili, na kibuyu kimefunikwa majani, cha tembo la kufunga posa, ambalo baba akilipokea amekwisha kumtoa binti. Wakakaribishwa, wakauliziwa hali. Baba mdogo akajifanya ana huzuni. Akasema, wazee wenzangu, mnajua nilichosema: akikosa cheti nitasema mimi. Amekosa.

"Kweli amekosa," mzee akasema. "Sisi hatukuja kwa cheti. Hicho ni cha misheni. Tumekuja kwa jambo ambalo wewe umekwisha kulimaliza."

"Lipi?"

Sauti ya mama ikatoka nyuma ya ukuta wa jikoni, maana hakutokeza, aliendelea kushika heshima yake hata hapo. "Shemeji," akasema, "mbuzi uliyekula alikuwa wa nini?"

"Wa kosa."

"La nani?"

"La yule kijana. Mbona unajua?"

"Alikosa nini?"

"Alimwona mama mkwe wake..." Kijiti cha meno kikabaki kinywani kimesimama.

"Sema, shemeji. Kama mimi ni mama mkwe wake, yeye ni mkwe, na binti ni wake. Kama mimi si mama mkwe wake, hakuna kosa alilofanya; ameona mwanamke wa watu akila kuku, na wewe umekula mbuzi wa watu kwa uongo. Chagua. Ila utakapochagua, jua kwamba mguu mmoja yuko nao rafiki yako tumboni."

Mmoja wa wale wazee alianza kukohoa, na hakikuwa kikohozi. Baba mdogo akatazama huku, akatazama huku. Alikuwa amelisema jambo lile kwa kinywa chake mbele ya mlango uliojaa watu, mara mbili, mara ya pili kwa sauti kubwa kwa sababu ya kujipenda. Hakuwa na mahali pa kutokea. Angekuwa na dirisha angelitumia. Akanyoosha mkono, akapokea kibuyu. Tembo hakupata kulikataa maishani mwake.

Mzee wa minazi alipopata habari alituma watu warudishiwe vibuyu vyake vyote. Viliondoka vingi.

Nikaolewa kwa desturi ya kwetu, pasipo padri. Mume wangu akafukuzwa karakana ya misheni kwa ajili hiyo, akanyang'anywa hata randa aliyokuwa akitumia, na hilo lilimuuma kuliko alivyotaka nione. Tukahamia Malindi. Akaunda milango na meza za kuuzia za maduka ya Wahindi, akalipwa, akanunua randa yake. Wa Rabai alipewa cheti, na baada ya cheti akapewa mkalimani. Nilimwonea huruma kwa hicho cha pili.

Watoto walipokuja, misheni nayo ikaja. Padri akasema ndoa yetu inaweza kubarikiwa sasa, na akaongeza kwamba Bibi anakubali kunipokea tena chuoni kwa majuma machache ili nimalizie. Nilikuwa na mtoto titini na mwingine mgongoni. Nikamwuliza padri kama kwenye beseni wameshatia maji. Hakujua ninasema nini, akanywa chai yake, akaenda.

Kwa hiyo mkiniletea vitabu vyenu vyenye picha ya baba na mama na watoto wawili wametabasamu mezani, mimi sivitukani. Navitazama. Kisha nauliza walioko jikoni katika picha hiyo ni akina nani, na mbona hawakuchorwa, na mnaniambia, "Nyanya, wewe hubadiliki." Kubadilika si kazi. Mkalimani alibadilika.

Binti yangu wa kwanza alipoposwa, mchumba alikuwa mwalimu wa shule, kijana wa viatu. Alituma neno kwamba wakati umebadilika, angependa siku ya kuleta wazee tule sote pamoja, mama akiwemo, mezani. Binti yangu naye akaja kuniomba, akaona ni jambo zuri. Nikawaita wa nyumbani kwangu wote, wake kwa waume, nikawaambia: "Wanaume watakula barazani na mkwe wangu, na wapewe nyama nzuri. Mimi na wanawake wenzangu tutakula jikoni, kutoka chungu hicho hicho. Mlango wa katikati ufungwe, na asiufungue mtu mpaka niwe nimenawa mikono."